Masonara, angalieni nyuma kabla ya kupiga polishi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo linaniuma na najua siko peke yangu.

Bibi yangu mzaa mama ana pini ya kifuani, ile wazee wanaita bruchi, ya dhahabu, imezungushiwa vilulu vidogo kama punje za mtama. Tumekua tukiambiwa ni ya Mjerumani, eti mama yake bibi alikuwa yaya wa wazungu hapa Mwanza akapewa siku wanaondoka, na ushahidi wetu ulikuwa nanga, maana kwa nyuma imegongwa kinanga kidogo sana, basi ukoo mzima tukaamini mwenyewe alikuwa nahodha wa meli ya ziwani.

Juzi nikaipiga picha kwa simu nikavuta karibu, pembeni ya nanga nikaona 15 na .625. Nimetafuta usiku kucha. Kumbe ile nanga haihusiani na meli kabisa, ni alama ya ofisi ya kupima dhahabu na fedha ya Birmingham, Uingereza, ipo tangu 1773, na mji wenyewe hata bahari hauna! Dhahabu ya Mjerumani mara nyingi utakuta 585, yaani sehemu 585 za dhahabu katika 1000. Hiyo 15 ni karati, kipimo cha usafi wa dhahabu ambapo dhahabu tupu ni 24, gawa 15 kwa 24 unapata .625, na Waingereza waliitumia kuanzia 1854 mpaka 1932 wakaacha. Kwa hiyo bruchi ya bibi ni ya Muingereza, na Waingereza Mwanza waliichukua 1916.

Sasa mwaka wenyewe. Ofisi ile ilikuwa inagonga pia herufi moja inayobadilika kila mwaka, ukiijua herufi na umbo la kiboksi chake umeujua mwaka. Na herufi ilikuwepo. Ila mwaka juzi niliipeleka kwa sonara mmoja anirekebishie kulabu, akaipiga mashine mbele na nyuma mpaka ikawaka, nikalipa na kushukuru. Leo pale penye herufi pamelainika kama kucha, umebaki mkia mmoja, inaweza kuwa g, inaweza kuwa y.

Ndugu zangu masonara kazi yenu naiheshimu sana, ila naomba kabla hujawasha mashine geuza nyuma, ukiona chapa yoyote muulize mwenye mali, na upande huo usiuguse. Na sisi wenye mali, iwe Ukerewe, Musoma au Bukoba, piga picha nyuma kwanza ndo umpe fundi.

Lulu nazo tunaziua wenyewe. Shangazi alizisugua na ndimu, tatu zimekuwa kama chaki, maana lulu asili yake ni chokaa na ndimu inaila. Kitambaa laini chenye unyevu kinatosha. Ukitaka kujua kama ni lulu kweli isugue taratibu kwenye jino, ya kweli ina uchangachanga, ya plastiki inateleza, ila hata za kufugwa, zile watu wanazootesha ndani ya chaza, zina uchanga, kwa hiyo jino halitakwambia imetoka wapi.

Mwenye uzoefu wa kusoma chapa zilizofutika aandike kupitia gazeti hili tafadhali. Kila nikienda kwa bibi ananiuliza, "Mjukuu wangu, mwaka umeupata?"

Msomaji wako,
Nyakato, Mwanza