Kwa Mwanaidi, kuhusu huyo Barros wako

Dar es Salaam

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam sana. Huku hatujambo, joto tu ndilo linalotuadhibu. Sura ya pili ya tasnifu yako nimeisoma yote, hadi tanbihi. Unaniuliza kwa nini msimamizi amekuandikia "chanzo?" kwa wino mwekundu pembeni ya Barros, yule mwandishi Mreno, pale ulipomnukuu kuhusu kununuliwa kwa kisiwa cha Kilwa, wakati jina umeweka na mwaka umeweka.

Umeandika (Barros, 1552) kana kwamba uliifungua ile Década ya kwanza yenyewe, yaani juzuu la kwanza la historia yake, la Kireno, lililochapwa Lisbon. Hukuifungua, shoga. Maneno umeyatoa kwenye kitabu cha historia, nacho kimeyatoa kwa Freeman-Grenville, aliyekusanya hati za pwani yetu kwa Kiingereza mwaka 1962. Kisha wewe ukayatia Kiswahili. Wamepita watu wanne hapo, na msomaji wako anaonyeshwa mmoja.

Tena Barros mwenyewe Kilwa hakuwahi kuikanyaga. Alikuwa Lisbon, kwenye ofisi ya biashara ya India, akiandika kutokana na karatasi walizoleta wenzake. Tarikh ya Kilwa aliyoifupisha, yaani habari za wafalme wake, haipo tena. Kwa Kiarabu tuliyonayo ni Kitab al-Sulwa, historia nyingine ya Kilwa, katika nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877, ikafika British Museum kupitia kwa John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, na mwanazuoni Strong akaichapisha mwaka 1895.

Na hizo mbili hazisemi mamoja. Kwa Barros, mgeni wa kutoka Shiraz anakinunua kisiwa kwa nguo, basi. Katika ile ya Kiarabu anatakiwa akizungushie kisiwa kizima nguo, naye anakizungushia. Halafu mfalme aliyeuza alipotaka kurudi, akakuta ule mkondo waliokuwa wakiuvuka maji yakitoka umeshachimbwa. Sasa wewe habari ya kuzungusha nguo umempa Barros! Nadhani ni hicho kitabu ulichosoma kilichozichanganya, nawe ukabeba kama ulivyokuta. Hapo ndipo wino mwekundu ulipopata haki yake.

Fanya hivi. Kitafute cha Freeman-Grenville. Maktaba za vyuo vyetu vikubwa hazikosi watu wa kukuelekeza. Ukikisoma, taja tafsiri yake na ukurasa wake, na "kama alivyonukuliwa", ile ya kukiri kwamba asilia hukuisoma, huihitaji. Usipokipata, andika (Barros, 1552, kama alivyonukuliwa na fulani), huyo fulani akiwa mwandishi wa kitabu ulichokishika, pamoja na mwaka na ukurasa wa kitabu hicho. Kwenye marejeleo kiingie hicho peke yake, Barros asiingie. Ndivyo mtindo wa APA wa kutaja vyanzo unavyotaka. Kama idara yenu inafuata mtindo wa Chicago, tanbihi itaje vyote viwili, ingawa wao hawapendi kabisa kunukuu kupitia kwa mwingine. Watakwambia nenda kwenye asilia.

Unalalamika kwamba orodha itakuwa fupi. Iwe fupi. Marejeleo si kadi za harusi hata kila mwenye jina aalikwe. Na ukurasa wenye "kama alivyonukuliwa" mara tatu, mimi nikiusoma najua mwandishi amesoma kitabu kimoja tu. Wasimamizi nao wanajua, wengine hunyamaza tu kwa uchovu. Kireno hakuna anayekudai, lakini safari ya maktaba unadaiwa.

Halafu ile nukuu ya Kitab al-Sulwa mwishoni mwa sura: umeiwekea 1877. Huo ni mwaka wa nakala, maandishi yenyewe ni ya karne ya 16. Eleza yote mawili kwenye tanbihi, maana ukiacha hivyo atakayekusoma atadhani mwandishi aliishi zama za Seyyid Barghash.

Ukimaliza nitumie kabla hujampelekea msimamizi. Mama msalimie sana, na mwambie zile ndizi zilifika nzima.

Shoga yako,
Saumu