Hakuna anayeyafuata maji ya mvua ya Nairobi hadi mtoni

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu mafuriko ya mitaani hapa Nairobi. Kila masika na kila vuli, maji yakishaingia nyumbani mwetu, viongozi husimama mbele ya kamera na kutulaumu kwa kutupa taka mitaroni. Taka zipo, wala sizitetei. Lakini mimi ni fundi mwashi, nimejenga na kuzibua mitaro mingi huku Embakasi, na nasema hivi: hata tukiifagia mitaro ya mtaa wetu ikang'aa, maji yatasimama vilevile. Mtaro wetu haufiki popote.

Niko Pipeline. Barabara ya mtaa wetu ilitiwa lami na kujengewa mtaro wa saruji pembeni, kazi safi ukiitazama. Mtaro huo unateremka hadi kwenye makutano na barabara kubwa, na hapo maji yanatakiwa kupita kwenye kalavati chini ya barabara hiyo yaendelee kuelekea Mto Ngong. Barabara hizo mbili zilijengwa na watu tofauti, nyakati tofauti, kila mmoja na mchoro wake. Sakafu ya kalavati iko juu kuliko sakafu ya mtaro wetu. Nilipima kwa mpira wa maji, ule mwangavu ambao kila mwashi anao na ambao maji yake husimama kimo kimoja ncha zote mbili, mtu wa mkono ameshika upande mmoja na mimi upande wa pili. Tofauti ni kama sentimita 20.

Asiyeijua kazi hii ataona hiyo ni shubiri tu. Lakini ardhi yetu ni tambarare. Ukibahatika unapata mteremko wa sentimita 50 kwa kila mita 100. Kwa mteremko huo, ukikosea sentimita 20 mwishoni, maji yatarudi nyuma mita 40 na kutuama kabla hata tone moja halijavuka barabara. Hapo mchanga unatua, karatasi za plastiki zinanasa, mtaro unajaa tope, na mvua inayofuata inakuta hakuna nafasi. Nyingi ya taka tunazoonyeshwa kwenye runinga zimekwama pale kwa sababu maji yenyewe yalitangulia kukwama.

Tena udongo wetu ni ule mweusi wa kunata. Ukilowa huvimba ukajifunga, na maji hayazami. Palipokuwa na nyasi za kuyatandaza pole pole, leo kuna maghorofa ukuta kwa ukuta, lami na mabati. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 jijini. Ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Mvua inayoanguka juu ya mapaa yao wote inahitaji njia, na njia hiyo sharti mtu aichimbe na aipime.

Nimezunguka ofisi na tatizo hili. Sitazitaja, kwa kuwa maafisa niliowakuta walinisikiliza kwa heshima na siamini kosa ni lao binafsi. Ofisi moja iliniambia mtaro ni wao lakini kalavati si yao, kwa hiyo hawawezi kugusa barabara ya wenyewe. Nyingine ikasema kalavati ni yao, ila ilijengwa sawasawa na mchoro, na mchoro haukuonyesha mtaro wowote wa mtaa. Ya tatu ikasema wao ni wa majitaka, si wa maji ya mvua. Nikaandika barua, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Ninachokiona kizito ni kwamba kila mmoja alisema kweli kwa mujibu wa karatasi zake.

Maana ndivyo kazi ilivyogawanywa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziachia kaunti mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilituletea KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani, na barabara huja na mitaro yake. Majitaka ni ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi. Mito inaangaliwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji na NEMA, mamlaka ya mazingira, na mwaka 2022 iliundwa pia Tume ya Mito ya Nairobi. Reli nayo ina kalavati zake. Halafu mwaka 2020 baadhi ya kazi za kaunti zilihamishiwa Idara ya Huduma za Jiji, NMS, na 2022 zikarudishwa City Hall, makao ya kaunti. Kazi zikihamahama hivyo, nani anabaki na ramani? Mvua iliyonyesha Pipeline inaweza kupita kwenye himaya za ofisi tatu au nne kabla haijafika mtoni, na hakuna hata moja iliyopewa jukumu la kuifuata mwanzo hadi mwisho.

Sisi huku chini tunajitafutia wokovu kivyetu, na tunaumizana. Jirani yangu mmoja anauza nafaka. Maji yalipoingia dukani, magunia ya chini ya mahindi na maharagwe yalilowa yakaota ukungu, akayauza kwa bei ya chakula cha kuku. Aliniita nimwinulie sakafu na kujenga kizingiti mlangoni. Nilifanya, kwani alikuwa na haki ya kuokoa mali yake. Mvua iliyofuata maji yaliyozoea kuingia kwake yaliingia kwa kinyozi wa mlango wa pili. Kinyozi naye akainua. Sasa anayeogelea ni mama anayepika chapati pale mwisho, ambaye kibanda chake ni cha mbao na hana uwezo wa kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Kazi ya kuinua sakafu hunipa riziki kila masika, Mhariri, na kila nikimaliza moja najua maji yamesukumwa kwa mnyonge zaidi.

Niseme pia juu ya majitaka, kwa sababu hapo ndipo hatari ya afya ilipo. Nairobi ilipangiwa njia mbili zisizokutana: majitaka yaende kwenye mitambo ya kusafisha kule Ruai na Kariobangi, maji ya mvua yaende mtoni kwa mitaro. Mwenye ploti anapojenga ghorofa sita au saba mahali ambapo hapana mtaro wa mvua wa kuyapokea maji ya paa, anamwambia fundi aelekeze gata kwenye bomba la majitaka. Bomba hilo halikupimwa kwa ajili ya mvua. Ikinyesha kwa nusu saa tu, linashiba na kifuniko cha shimo kinanyanyuka. Kinachotoka hapo kila mtu anakijua, na watoto wanaporudi shuleni wanakikanyaga kwa viatu vya darasani. Hali hiyo huzaa kuhara na kipindupindu. Kule ambako vifuniko vimeibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, shimo lenyewe linafichwa na maji na mtu anaweza kutumbukia akitembea. Kumkamata fundi aliyeunganisha gata hakutatibu kitu ikiwa paa lile bado halina pengine pa kumwagia maji.

Mwaka 2024 sote tuliona. Aprili ile Mathare, Mukuru na mitaa mingi ilifunikwa, na kote nchini zaidi ya watu 200 walipoteza maisha katika masika hayo. Serikali iliwaamuru wakazi wa kando ya mito waondoke, na nyumba zikabomolewa. Kuokoa maisha ni sawa, na kando ya mto si mahali pa kulala mtoto mvua ikinyesha. Lakini Mto Mathare haujazwi na watu wa Mathare. Unashuka kutoka mitaa ya juu, na kila ua linalosakafiwa huko na kila maegesho yanayotiwa lami huleta maji mapema na kwa nguvu zaidi kwa walio chini. Mwaka 2018 serikali ilibomoa hata majengo makubwa ya biashara yaliyokuwa kwenye hifadhi za mito, tukadhani sasa sheria imekuwa moja kwa wote. Zoezi lile lilipoa.

Ninachoomba hakihitaji mabilioni, na ni kitu ninachokifahamu kutoka mjengoni. Mkandarasi wa barabara hapewi pesa zake zote siku anayomaliza. Sehemu huzuiliwa hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe. Basi pesa hizo zisitolewe mpaka mtaro upimwe kwa maji. Lileteni boza, lori la maji, mimina maji mwanzo wa mtaro, tutembee nayo wote, wa kaunti, wa barabara, wa majitaka na wazee wa Nyumba Kumi, hadi tuyaone yakiingia mtoni. Yakisimama njiani, aliyejenga hapo arudi arekebishe kwa pesa zilizozuiliwa. Kama yamesimama kati ya kazi za ofisi mbili, ofisi hizo zitie saini karatasi moja ya nani anashusha nini kwa sentimita ngapi.

Na kila kalavati iandikwe kwa rangi ni ya nani, na nambari ya kupiga simu. Mkazi asizungushwe mjini kutafuta mwenye shimo.

Kuhusu kuzibua, kazi hiyo ifanywe Februari na Septemba, kabla ya masika na vuli, si wakati mtaro umeshafurika. Na lori liwepo siku hiyohiyo. Nimeona vijana wakitoa tope kwa bidii, jua kali, halafu tope likaachwa limerundikwa ukingoni mwa mtaro ule ule. Mvua ya kwanza ililirudisha lote ndani. Vijana wale walilipwa kwa jasho lao, na ilikuwa haki yao, lakini jasho lao lilipotea kwa kukosa lori.

Kwa wahandisi wa kaunti na wa barabara: makutano ninayoyazungumzia yanafikika kwa matatu, na tope lililokauka ukutani linaonyesha hadi wapi maji hupanda. Njooni siku moja, nyote pamoja, kabla mvua haijaanza, mje na michoro yenu yote. Barua yangu yenye muhuri inaeleza mahali penyewe. Mpira wa kupimia nitaleta mimi.

Fundi Mwashi,
Pipeline, Embakasi,
Nairobi.