Pedali Inazama, Mafuta ya Breki Hayapungui

Lawama tunayoisikia mara kwa mara gerejini kwetu ni kwamba tunamlazimisha mteja kununua masta silinda nzima, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, ilhali kilichoharibika ni mipira ya ndani tu. Aghalabu gari lenyewe halina hata tone la mafuta chini yake na pedi bado ni nene, hivyo mteja huona kuwa ameibiwa.

Uvujaji upo, ila ni wa ndani. Ukikanyaga breki, fimbo ya pedali husukuma pistoni, na mpira wa pistoni ukishapita tundu dogo linalotoka kwenye kopo la mafuta ya breki, mafuta yaliyo mbele hukosa pa kurudi, shinikizo likapanda hadi kwenye magurudumu. Mpira ukichakaa, au ukuta wa silinda ukiliwa na kutu, mafuta hupenya pembeni na kurejea kwenye kopo lilelile. Kiwango hakibadiliki, lakini pedali hushuka polepole chini ya mguu, na ukipampu hupanda tena. Kwa kuwa ndani mna pistoni mbili, kila moja na njia yake, breki hazipotei zote kwa mpigo, na ndiyo maana watu huendelea kuendesha.

Kuweka mipira mipya ndani ya silinda yenye vishimo ni kuilisha kutu. Tulipokea pikapu iliyofanyiwa hivyo kwingine: mipira ilikuwa imechanika, mafuta yamepitia nyuma na kuingia kwenye sevo, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, na mwenye gari akanunua vyote viwili. Mwingine aliongeza oili ya injini kwenye kopo. Mipira ya mfumo mzima ilivimba, tundu likazibika, breki zikagoma kuachia. Hapo hata mipaipu ya mpira ilibidi itupwe.

Malipo yetu, basi, si ya kufungua nati mbili. Masta mpya hutolewa upepo mezani kabla ya kufungwa, nafasi ya fimbo hupimwa, kisha magurudumu yote hutolewa upepo kwa mafuta mapya, kwani ya zamani hunyonya unyevu: DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishaingiwa na maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155.

Kabla ya kuja, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani injini ikiwa imezimwa, kisha washa injini na uushikilie mguu hapo kwa nusu dakika. Pedali ikiendelea kuzama polepole, shuku masta. Pedali ikishuka kidogo injini inapowaka kisha ikatulia, hiyo ni sevo inayofanya kazi yake, wala huhitaji kununua chochote.