Mdogo wangu, mikono ya bibi umeiacha wapi?

Mdogo wangu wa Bagamoyo, salama?

Ile picha ya bibi uliyoichora ukanitumia Wasap nimeikuza mpaka basi. Sura ni yenyewe, mikunjo yote ipo, ila umeitoa kwenye picha ya kitambulisho kwahiyo kakaa wima, kakodoa macho, na mikono haipo kabisa. Bibi yetu bila mikono sio bibi! Akisikia jambo la aibu ncha ya kanga iko mdomoni, akikasirika kashika kiuno, na jioni pale barazani anashika tama mpaka mama anamwambia toa mkono huo unatuitia msiba. Mi namjua kwa hayo kabla hata sijamwona uso.

Afu usidhani kila aliyeshika shavu ana huzuni. Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi, alimchora mchumba wake Saskia mwaka 1633, siku chache tu baada ya kuchumbiana, kavaa pama, mkono mmoja una ua na mwingine uko shavuni, lakini msiba huuoni, unaona mtu anayejua anapendwa, sababu vidole vimegusa tu na kichwa kinajibeba chenyewe. Sasa mtafute Käthe Kollwitz, mchoraji wa Ujerumani, alivyojichora 1910, mkono uko kwenye paji la uso, na pale kichwa ni kizito, mkono ndo unakibeba. Kwahiyo we tazama uzito umeangukia wapi, hisia iko hapohapo.

Nenda soko la samaki asubuhi kina mama wanaposubiri mashua ziingie. Salimia kwanza, kaa nao, omba ruhusa, ukianza kuchora kwa kuibia watakaza mabega na utachora woga wao tu. Kila mtu mpe dakika moja au mbili, anza na mstari wa kichwa kushuka shingo hadi mgongo, mlalo wa mabega, afu mkono umeshika nini au umeachia nini. Macho acha, utayarudia.

Ukishazoea mrudie bibi, ila usimwambie akutazame. Mwache achambue mchele wake.

Karatasi nakutumia kwa basi wiki hii, zile zenye mikwaruzo kidogo, zile laini unazotumia mkaa haushiki.

Kakako