Tulilipa hadi Kisumu, mkatuuza Nakuru

Kisumu,
20 Januari 2025.

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

KUH: KUTEREMSHWA NAKURU TUKIWA NA TIKETI ZA KISUMU

Alhamisi tarehe 16 Januari nilikuwa namrudisha mama yangu nyumbani kutoka Nairobi kwa basi lenu la saa tatu asubuhi. Mama ana miaka 71. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti kwamba asikae muda mrefu akiwa amekunja mguu. Kwa hiyo siku tatu kabla ya safari nilipiga simu ofisini kwenu nikaeleza hali yake. Karani alinichagulia viti nambari 3 na 4, mbele kabisa, ambapo mtu anaweza kunyoosha mguu. Yule dada alinisikiliza vizuri na namshukuru hadi leo. Nililipa shilingi 3,000 kwa M-Pesa, yaani 1,500 kwa kila kiti. Tiketi zote mbili ninazo, na zote zimeandikwa Nairobi hadi Kisumu.

Basi liliondoka saa tano na robo badala ya saa tatu. Hilo tulivumilia.

Tulipofika Nakuru, karibu saa tisa, kondakta alisimama mlangoni akasema wa Kisumu tushuke, kuna gari lingine la kutufikisha. Tulikuwa tumebaki watu tisa. Nilimwonyesha tiketi, nikamwonyesha magongo ya mama. Akanijibu, "Mama, hapa hatubishani, gari ni ile pale." Pale steji kulikuwa na abiria wengi wanaotafuta gari la kwenda Nairobi, na kabla hatujamaliza kushuka walikuwa wameanza kupanda. Kisha nikamwona kondakta wenu akimhesabia mwenye matatu noti, na mwenye matatu akaanza kutuita tuingie. Wasafiri wa barabara hii wanaliita jambo hilo kuuzwa. Mimi nilikuwa nikilisikia tu. Siku hiyo mama yangu aliuzwa mbele ya macho yangu.

Ilikuwa matatu ya abiria 14. Viti vya mbele vilikuwa na watu tayari, kwa hiyo mama alikaa nyuma, goti likigusa kiti kilicho mbele yake. Tulisubiri dakika arubaini gari lijae. Mkanda wa kiti chake haukufunga. Alilia kuanzia Salgaa, polepole, bila kutaka watu wasikie, na mimi sikuwa na dawa ya kumpa kwa sababu begi lenye dawa na faili la hospitali lilikuwa limebaki kwenye buti ya basi lenu. Hakuna aliyetufungulia buti. Tulipofika Kericho mvua ikinyesha, dereva akasema yeye amelipwa atufikishe Kericho tu, anayetaka Kisumu aongeze shilingi 300. Nikalipa 600. Tuliingia Kisumu saa nne usiku.

Begi lilikuja Jumamosi. Ofisi yenu ya Kisumu ilinitoza shilingi 250 kulichukua, kama kifurushi kilichotumwa.

Sasa naomba mlisome hili kwa makini, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Nilipokata tiketi mlichukua jina langu, jina la mama, nambari za vitambulisho na nambari ya simu. Orodha hiyo ilisema tumo ndani ya basi lenu. Ukweli ni kwamba basi lilikuwa linarudi Nairobi na watu wengine, nasi tulikuwa tunapita Sachangwan ndani ya gari ambalo halikuandika jina la mtu yeyote. Barabara hiyo tunaijua sisi wa huku. Pale makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliua zaidi ya watu 50, wengine wakiwa wamesimama tu kando ya barabara wakiuza mboga na matunda. Kama lingetupata la kutupata usiku ule, ndugu zangu wangepiga simu kwenu, nanyi mngewaambia nini? Mngewatafutia viti nambari 3 na 4 katika basi lililokwisha kufika Nairobi salama.

Nairobi hadi Nakuru ni takriban kilomita 160. Nairobi hadi Kisumu ni kama 350. Mlitubeba chini ya nusu ya safari tuliyoilipia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Mimi nadai nusu ya nauli, shilingi 1,500, pamoja na 600 za Kericho na 250 za begi. Jumla ni shilingi 2,350. Fedha za maumivu ya mama sidai, maana sijui yanapimwaje.

Nadai pia jibu la maandishi kutoka kwenu: je, kondakta alituuza kwa uamuzi wake, au kampuni inajua na inakubali? Kama ni yeye, nielezwe amechukuliwa hatua gani. Kama ni kampuni, basi tiketi ziandikwe Nakuru na nauli iwe ya Nakuru, ili mwenye mgonjwa ajue mapema atafute gari gani.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitapeleka barua hii na nakala za tiketi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Nambari ya usajili ya basi ninayo, na ya ile matatu pia.

Mama anatakiwa kliniki Nairobi tarehe 27 Februari. Ni lazima nimkatie tiketi mahali, na karani wenu ndiye mtu pekee aliyeniuliza mguu gani unaouma. Nijibuni kabla ya siku hiyo.

Wenu mwaminifu,
Abiria wa kiti nambari 4