Mume kapunguzwa kazi Kanada, PR ya mke ipo palepale

Ndugu Mhariri, shikamoo kama umenizidi, kama nimekuzidi basi mambo vipi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hii mada huku Mwanza inaongelewa sana, saluni, kwenye daladala, mpaka mwaloni Kirumba kwa akina mama wa dagaa, ila inaongelewa ovyo na kuna watu wanaliwa hela.

Mimi nina steshenari Nyegezi jirani na stendi, natoa kopi, naskani, najaza fomu za mtandaoni za NIDA, za mikopo ya wanachuo, za ajira, na siku hizi wake wa watu walioko nje nao wanakuja na bahasha zao. Wanaokuja wamevurugwa kabisa ni wale ambao mume kapiga simu usiku kasema kazini wamepunguza watu na yeye yumo. Mke anajua kazi nyingine itapatikana tu, roho inamuuma juu ya ile PR aliyokuwa anaombewa, ukaazi wa kudumu yani. Na mpaka afike kwangu ameshapita kwa mawifi, kwa jirani, kwa mtu ambaye shemeji yake aliwahi kukaa Marekani, na kote huko ameambiwa faili limekufa, aanze upya au asahau.

Kwa Kanada hiyo sio kweli. Mtu ambaye tayari ni raia wa Kanada au tayari ana PR yake akimsponsa, yani kumdhamini, mke au mume, sheria haimpangii kiwango cha chini cha mshahara. Kuna hali moja ya nadra, pale anayesponsiwa anakuja na mtoto ambaye naye ana mtoto wake, hapo ndo wanapiga hesabu ya kipato, lakini kwa mke peke yake au mke na watoto wake wa kawaida hakuna kitu kama hicho. Kinachomzuia mume kusponsa ni vitu vingine, mfano awe amefilisika kisheria na bado hajaachiliwa na huo ufilisi, au awe anaishi kwa hela za welfea, ule msaada wa serikali kwa wasio na kitu, isipokuwa kama anaupata kwa sababu ya ulemavu.

Na hapo kwenye welfea ndo watu wanachanganya sana. Mume akipunguzwa kazi huko kuna bima ya ajira wanaita EI, anakatwa kwenye mshahara akiwa kazini na akipoteza kazi bila kosa lake analipwa kwa muda. Ile sio welfea. Ni kama hapa kwetu uchukue fao la kukosa ajira la NSSF alafu mtu akwambie unakula hela za TASAF, unaweza ukamgombeza. Kwahiyo mume anayepokea EI bado anaruhusiwa kumsponsa mke wake, wala asione aibu kusema.

Kazi ina maana yake lakini, sitaki mtu aje kunilaumu. Kwanza afisa wa uhamiaji anaweza kuuliza mtaishije, na jibu inabidi liwepo, akiba, ndugu mtakaokaa kwake, mke mwenyewe ana ujuzi gani, mume anatafuta kazi wapi. Pili kuna ule mkataba mume anaosaini wa kumtunza mke, unahesabika miaka 3 tangu siku mke anapopata PR (jimbo la Quebec wana utaratibu wao, aliyeko kule aangalie wa kule). Mkataba huo haufutwi na kupoteza kazi, haufutwi na talaka, haufutwi hata mke akipata uraia katikati. Mke akichukua welfea ndani ya hiyo miaka 3, serikali inamdai mume hela zote, na mpaka alipe hamsponsi mtu mwingine. Sasa mume asiye na kazi akisaini ajue anachosaini, wengi wanasaini wakiwaza ndege tu.

Nikuambie sasa kinachoua faili, Mhariri. Kuna kijana hapa mjini, kishoka, alimwambia mteja wangu mmoja atoe milioni na nusu atengenezewe barua ya ajira ya mume, yenye nembo na mhuri na payslip za miezi, eti ikiwekwa ile mambo yanaenda. Yani mtu analipia milioni na nusu kitu ambacho hata hakihitajiki! Ikigundulika, na wale wanapiga simu kwa mwajiri, inaitwa kudanganya kwenye maombi na adhabu yake ni kufungiwa miaka 5, humo ndani huruhusiwi kuomba PR. Zamani ilikuwa 2 wakaiongeza. Mke aliyekuwa na faili zima kabisa ananunua kifungo cha miaka 5 kwa hela ya mkopo wa vikoba. Nilimwambia arudi nyumbani na hela yake, alikasirika kidogo, nadhani alijua nataka kuipata mimi.

Cha kufanya kazi ikiisha maombi yakiwa katikati ni rahisi, wanaandika kwenye fomu ya mtandaoni ya IRCC, ile idara yao ya uhamiaji, wanaweka namba ya faili, wanasema hali imebadilika, kazi iliisha tarehe fulani, sasa anapokea EI au anaishi kwa akiba, wanaambatanisha barua ya kupunguzwa. Basi. Fomu zote ziko bure kwenye tovuti yao, mimi nadai hela ya kuskani na ya bando tu.

Kitu kingine kinachowatesa hawa kina dada ni kwamba mume akikosa kazi hela ya kila mwezi inapungua au inakata, sasa wanaogopa afisa ataona risiti zimekatika aseme ndoa imekufa. Kwenye maombi ya mke na mume swali kubwa ni ndoa ni ya kweli au ya kutafutia makaratasi, hilo ndo wanalichimba kuliko mshahara. Kwahiyo tunzeni hata risiti ya elfu ishirini, tunzeni rekodi za simu, meseji, picha za harusi na picha za siku za kawaida msizojipanga, cheti cha ndoa. Hela kupungua mwezi ule ule kazi ilipoisha inaeleweka ukiieleza, na ile barua ya kupunguzwa ndo ushahidi wenyewe. Kuna mmoja mume wake alikosa hela akawa anamtumia tu voisi noti ndefu ndefu kila usiku, nikamwambia dada hizo piga skrinshoti tarehe zionekane, ni mali.

Uvumi mwingi wa mjini unatoka nchi nyingine. Uingereza kweli kipato ni kipimo, tangu tarehe 11 Aprili 2024 anayemleta mke kwa mara ya kwanza anatakiwa aonyeshe pauni 29,000 kwa mwaka, kabla ya hapo ilikuwa 18,600, na njia nyepesi ni uwe umekaa na mwajiri huyo huyo miezi 6 ukilipwa kiwango hicho. Huko mume akipoteza kazi kabla ya kuomba imekula kwenu kwa muda, labda muwe na akiba, na akiba peke yake wanataka pauni 88,500 iliyokaa miezi 6, nani anayo Mwanza hii. Ila mke akishafika na kuanza kazi kihalali, mshahara wake nao unahesabiwa wakati wa kuongeza viza, hiyo watu hawaisemi.

Marekani wanapima kipato cha mume kwa asilimia 125 ya mstari wao wa umaskini, kupitia fomu I-864, ile ya kuahidi kumtunza mke, na mume asipofika anaruhusiwa kutafuta msponsa mwenza, awe raia au mwenye green card anayeishi kule kule. Huyo msponsa mwenza anabanwa na ahadi hiyo mpaka mke apate uraia au afikishe robo mwaka 40 za kazi, kama miaka 10 hivi, na talaka haimfungui. Ndugu wengi wakisomewa hicho kipengele simu zinakuwa hazipatikani.

Na hata ndani ya Kanada yenyewe kuna mkanganyo wa wazazi. Ukitaka kumsponsa mama au baba, hapo wanataka kipato cha miaka 3 mfululizo kwenye rekodi za kodi, kwahiyo mama mkwe anaposema “mbona mimi nilikwama sababu ya kazi, na wewe utakwama” anasema ukweli wake, ila ni ukweli wa faili la mama mkwe. Alafu kuna mume ambaye yeye mwenyewe hana PR, yuko kwa kibali cha kazi kilichofungwa kwa mwajiri mmoja. Huyo hawezi kumsponsa mtu hata angekuwa na mshahara wa waziri, mke anaingia kama mtu wa ndani ya maombi ya mume, na hapo kazi ikiisha wote wawili wanayumba. Kwahiyo kabla ya kulia, mke aulize swali moja, wewe mume wangu una PR au una kibali? Utashangaa wangapi hawajui, wanaume wengine wanaficha kabisa.

Ombi langu kwako Mhariri ni mawili. Mtafute mwanasheria wa uhamiaji anayejua Kanada aandike safu, hata mara moja kwa mwezi, watu wa Kanda ya Ziwa tutanunua gazeti. Na matangazo ya mawakala wa “PR uhakika” muyakague kabla ya kuyachapa. Kwa sheria ya Kanada anayelipwa kukushauri au kukuwakilisha kwenye maombi hayo lazima awe mwanasheria au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa huko huko Kanada, notari wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na CICC, chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji wa Kanada, na majina ya washauri wao yako wazi mtandaoni, kumtafuta mtu ni dakika moja kwa simu. Wakala akija na tangazo lake mwombeni namba ya usajili. Yule kijana wa milioni na nusu nilimwomba, akaniambia mashine yangu ya kopi ina kelele.

Mama Steshenari,
Nyegezi, Mwanza.