Barua ya wazi kwa makipa vijana mnaotaka kuvua glavu

Wanangu,

Meseji zenu nimezisoma. Wengine mmeandika usiku uleule baada ya gemu, wengine mmenitumia na zile klipu watu wanazozisambaza, mpira umempita kipa katikati ya miguu halafu wameweka na sauti ya kicheko juu yake, na karibu wote mnaishia palepale, kocha bora nihamie mbele nikacheze winga, golini hakuna heshima. Imeniuma. Badala ya kumjibu kila mtu peke yake nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, na naomba mnisomee mpaka mwisho maana mkiona maandishi marefu huwa mnakimbia.

Nataka niwasimulie habari za Rui Patrício. Wengi wenu mkitajiwa Ureno mnamjua Ronaldo na mnaishia hapo, huyu aliyekuwa anasimama nyuma yake miaka yote hamna habari naye, na yeye ndiye mngetakiwa kumjua kuliko yule.

Kazaliwa 1988 pale Marrazes, Leiria, na mpira wenyewe alianza akiwa mshambuliaji ndipo akarudi golini, kwa hiyo nyie mnaotaka kwenda mbele muone mwenzenu alitokea hukohuko. Sporting ya Lisbon wakamchukua bado mtoto. Novemba 2006, ana miaka 18, akapewa gemu yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Marítimo, ugenini huko kisiwani Madeira, akapangua penalti na Sporting wakatoka na ushindi wa 1-0. Sasa kwa akili zenu wiki inayofuata huyo ndiye namba moja. Wapi! Alirudi benchi. Mbele yake alikuwepo Ricardo, kipa wa timu ya taifa, yule aliyevua glavu kwenye Euro 2004, kombe la mataifa ya Ulaya, akapangua penalti ya Vassell wa Uingereza halafu akaenda mwenyewe kupiga ya kwake akafunga. Huyo humuondoi kwa gemu moja. Ricardo alipohamia Hispania 2007 ndipo mlango ukafunguka, na kijana alikuwa tayari kwa sababu kwenye ule msimu wa kusugua benchi tizi, yaani mazoezi, hakuacha.

Na msidhani akishapata namba ndio raha imeanza. Machi 2009 Sporting walienda Munich kucheza na Bayern kwenye Ligi ya Mabingwa, wakapigwa 7-1, jumla ya nyumbani na ugenini 12-1, na golini siku ile ya magoli saba alikuwa yeye, miaka 21. Hebu fikiria wewe ungekuwa na klipu ngapi za siku hiyo.

Halafu Brazil 2014. Hii naomba mkaitafute muiangalie kwa macho ya kipa. Ureno na Ujerumani, gemu ya kwanza ya kundi, mapema tu Patrício anapiga pasi mbovu inaenda moja kwa moja miguuni kwa Khedira, goli liko wazi, bahati Khedira akapiga nje. Ureno wakafungwa 4-0, na lile la nne ni krosi ya chini ya Schürrle, Patrício anaifikia ila anaitema palepale mbele ya Müller, Müller anasukuma tu. Juu ya yote hayo akaumia, Kombe la Dunia likaishia hapo kwake, wakadaka Beto na baadaye Eduardo, timu nzima ikarudi nyumbani hatua ya makundi. Dunia nzima imeona. Sio mtaa, sio grupu la WhatsApp la wazazi, dunia.

Miaka 2 baadaye, tarehe 10 Julai 2016, yuleyule mtu yuko Stade de France, kando ya Paris, kwenye fainali ya Euro, wenyeji ni Ufaransa, Ronaldo anatolewa kwa machela dakika ya 25 na kila mtu anajua sasa Ureno wamekwisha. Hata kabla Ronaldo hajatoka Griezmann alishapiga kichwa kimoja kinaelekea kabisa kuingia chini ya mtambaa panya, Patrício akajinyoosha akausukuma mpira juu. Wafaransa wakaja tena na tena, wakagonga na mwamba dakika za majeruhi, haikuingia, na Éder akafunga dakika ya 109. Tangu hatua ya mtoano ilipoanza Ureno walicheza mechi 4 na nyavu zao ziliguswa mara 1 tu, la Lewandowski mwanzo kabisa wa gemu ya Poland, na gemu ile ikaenda kwenye matuta, yaani penalti za kuamua mshindi, Patrício akaokoa mkwaju wa Błaszczykowski. Leo pale Leiria kuna sanamu yake, amejinyoosha hewani.

Swali langu kwenu ni hili, kati ya lile goli alilotema mbele ya Müller na ule mpira wa Griezmann kulikuwa na nini? Hakuna klipu ya hicho kipindi. Ni tizi, ni ligi ya kila wiki, ni krosi mia, ni kusimamisha miguu kabla mpigaji hajapiga badala ya kuhamahama, ni vitu ambavyo hakuna mtu anavirekodi. Hapo ndipo ninapowataka nyie. Nawaona, mtu akifungwa goli la kizembe wiki nzima anakuja tizi amechelewa, anasimama nyuma ya foleni, kwenye krosi hatoki tena, anabaki kwenye mstari kama amegundishwa, na lile goli moja linazaa matatu. Ukifungwa kizembe, dakika ileile mwite beki wako umpange, omba mpira urudishwe kwako uuguse. Wenzako wasikie sauti yako kabla hawajaanza kuangaliana.

Kuna mambo mengine magumu kuliko kufungwa. Mei 2018 watu wamejifunika nyuso wakavamia uwanja wa mazoezi wa Sporting kule Alcochete wakawapiga wachezaji, Bas Dost akapasuliwa kichwa. Patrício alikuwa na klabu hiyo tangu utotoni, mwezi uliofuata akavunja mkataba akaondoka. Sitaki hata mmoja wenu afikirie kwamba kuvumilia maana yake ni kukubali kupigwa. Shabiki akikuzomea kaza, ila akikushika shingo au kocha akikunyanyulia mkono ondoka uje uniambie.

Alipofika Wolves ya Uingereza akaomba jezi namba 11. Kipa na 11! Namba 1 ilikuwa ya Carl Ikeme, kipa mwenzao aliyekuwa akipambana na saratani ya damu, na Patrício akaona hiyo namba hawezi kuivaa. Nawaambia hili kwa sababu nawasikia mnavyosemana, kipa wa kwanza na wa pili hamsalimiani, mmoja akiumia mwingine anachekelea moyoni. Acheni. Kipa ndiye peke yake uwanjani anayemuelewa kipa.

Akaenda Roma ya Italia, fainali ya Conference League 2022, kombe la tatu la klabu za Ulaya, kule Tirana, kombora la Malacia wa Feyenoord akaligusa kwa ncha za vidole likagonga mwamba, wakashinda 1-0 wakabeba kombe. Lakini mwaka uleule timu ya taifa ikampita. Novemba 2021 walifungwa na Serbia 2-1 pale Lisbon, Machi 2022 kocha akamuweka golini Diogo Costa, kijana aliyezaliwa 1999, na Patrício mwenye mechi zaidi ya 100 za taifa akakaa benchi. Akaenda Kombe la Dunia Qatar akakaa benchi. Akaenda Euro 2024 Ujerumani akakaa benchi tena, ana miaka 36, na kule Frankfurt Diogo Costa akapangua penalti 3 mfululizo za Slovenia. Angeweza kukataa wito, kelele za magazetini angepata. Alikwenda, akafanya tizi na yule aliyemchukulia nafasi, na mimi hapo ndipo nilipompenda zaidi kuliko hata ile siku ya Paris.

Sasa nyie mna miaka 15, 16, mmekaa benchi mwezi mmoja mnasema mmerogwa.

Wazazi nao wasome hapa. Mtoto akirudi nyumbani kafungwa, mpe chakula kwanza. Habari ya goli aianze yeye mwenyewe, na akiamua kunyamaza mwache anyamaze.

Jumamosi hii tizi la makipa ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wenzenu hawajafika, na tutafanya krosi tu. Mwenye glavu zilizochanika aje nazo hivyohivyo, nina uzi na sindano. Na wale mnaotaka kwenda winga njooni pia, mtapiga hizo krosi nusu saa, halafu mtaingia golini, tukimaliza ndio mniambie mmeamua nini.